Hesabu ya Jioni: Nini Hutokea Mwenye Matatu Anapoanza Kuona

Mwenye matatu jijini Nairobi hukabidhi funguo alfajiri na kupokea hesabu usiku. Kwa gari la abiria 14 hesabu hiyo huwa shilingi elfu kadhaa, noti zilizokunjwa kwa urefu na kufungwa kwa mpira, nyingine bado zina unyevu wa viganja vya makanga, mtoza nauli. Kati ya alfajiri na usiku kuna safari nyingi, trafiki wawili watatu, foleni, mvua, abiria walioshuka bila kulipa, na pengine saa nzima gari limeegeshwa kando ya kibanda cha chai. Hayo yote tajiri, yaani mwenye gari, anayajua kwa kusimuliwa. Anapiga simu kuuliza, "Uko wapi?" Anajibiwa, "Niko hapa Roysambu," naye hana njia ya kujua kama hapo Roysambu ni Roysambu kweli.

Mkataba wenyewe haujaandikwa popote, lakini kila mtu anaufahamu. Dereva ananunua mafuta, anampa makanga chake, analipa ada ya sako (chama cha ushirika cha matatu) na ya vijana wa steji, anatenga hesabu ya tajiri, na kinachobaki ni chake. Siku ikiwa nzuri, anarudi nyumbani na nyama. Siku ikiwa mbaya, anapeleka pungufu na maelezo marefu. Daladala za Dar es Salaam na bodaboda nyingi huendeshwa kwa mtindo huo huo. Wageni wanaokuja kutupangia usafiri hupenda kuuona kama ushahidi wa biashara isiyo na utaratibu. Wanauchumi walioukagua kwa makini wamesema vingine: hesabu ni jibu la busara la mtu mwenye mali asiyeweza kuiona mali yake ikifanya kazi.

Tazama njia nyingine alizonazo. Akimlipa dereva mshahara, gari litapumzika chini ya mti mchana kutwa na mshahara utaingia vilevile. Akisema wagawane nusu kwa nusu, atalazimika kujua nusu ya ngapi, na pesa zote ziko mkononi mwa makanga. Kiasi kisichobadilika kinamwondolea kazi ya kuhojiana kila usiku. Dereva naye anapata sababu ya kujituma, kwa kuwa kila shilingi inayozidi ni yake.

Ila mkataba huu una mashimo mawili. La kwanza ni la siku mbaya. Dereva hawezi kulipa asichonacho, kwa hiyo tajiri hana budi kupokea pungufu. Na akishapokea pungufu mara moja, dereva amejifunza kwamba siku inaweza kuwa mbaya hata ilipokuwa nzuri. Shimo la pili liko chini ya gari. Kukwepa foleni kwa njia za panya, kupanda ukingo wa barabara, kuruka matuta bila kukanyaga breki, hivyo vyote vinamwongezea dereva safari. Springi zikivunjika, anayeitwa gereji ni mwenye gari. Faida imeenda kwa mmoja na hasara kwa mwingine.

Tatizo hili lina historia yake Nairobi kabla matatu hazijawa nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanauchumi kijana wa Marekani, Joseph Stiglitz, alikuja kufanya utafiti katika Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1974 alichapisha makala mashuhuri kuhusu mkulima anayelima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Swali lake lilikuwa ni kwa nini watu wagawane, wakati mkulima angeweza kulipa kodi ya shamba au kupewa ujira. Jibu linategemea mambo mawili: nani anabeba hatari ya mvua kukosa, na mwenye shamba anaweza kuona kiasi gani cha jasho la mkulima. Mwaka 1979 Bengt Holmström wa Ufini aliliweka wazo hilo katika hisabati: taarifa yoyote inayokuonyesha juhudi za mtu, hata kama si kamili, ina thamani, na mkataba mzuri utaitumia. Stiglitz alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, Holmström mwaka 2016. Kwa lugha ya steji, walichosema ni kwamba mkataba unafuata jicho. Jicho likiongezeka, mkataba nao utabadilika. Kwa miaka mingi hili lilibaki zaidi kwenye karatasi, kwa sababu ni vigumu kumpa tajiri jicho jipya leo na kesho ukapima kilichobadilika.

Jicho la kwanza kuletwa Nairobi lilitaka kuona pesa. Mwaka 2013 Google pamoja na benki ya Equity walizindua BebaPay, kadi ambayo abiria angeigusisha kwenye simu ya makanga na nauli ikaenda moja kwa moja kwenye akaunti. Serikali nayo ikataka matatu zote ziache kupokea noti ifikapo katikati ya 2014. Tarehe ikafika, noti zikaendelea kukunjwa. BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Waliopanga mradi walikuwa wamemfikiria mwenye gari na mtoza kodi, wakasahau kwamba siku ya matatu huendeshwa kwa noti hizo hizo: mafuta ya asubuhi, chai, kijana anayeita abiria, dereva wa skwodi anayeshika usukani mwenye gari lake akienda kula, na kitu kidogo cha njiani ambacho hakitolewi risiti. Kadi iliwanyima pesa za papo kwa papo watu wote ambao gari lisingeondoka steji bila wao. Hawakuhitaji kuandamana. Walisema tu mashine imeharibika, na ukitaka kusafiri, toa noti.

Jicho la pili halikugusa pesa hata kidogo.

Mnamo 2016 watafiti watatu, Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer, walianza jaribio na wenye matatu 255. Kila gari lilifungwa kifaa kidogo ndani ya dashibodi, mahali abiria hakioni. Ndani yake mna mambo matatu. Kuna kipokezi cha GPS, kinachosikiliza setilaiti zinazozunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Kila setilaiti inatangaza saa yake. Kifaa kinapima mawimbi yalichelewa kiasi gani njiani, na kwa kusikia angalau setilaiti nne kinajua kiko wapi. Mawimbi hayo hukata karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, gari litaonekana mita 300 kutoka lilipo. Saa za huko juu kwa kawaida hukimbia mbele ya zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia za Einstein zinavyotabiri, na lazima zirekebishwe. Sijui kama makanga wa Githurai anajali, lakini Einstein yumo ndani ya dashibodi yake. Cha pili ni chipu ya kupima mtikiso, inayojua breki imefungwa ghafla au gari limeyumbishwa kushoto na kulia. Cha tatu ni laini ya simu ya kutuma hayo yote.

Werevu wa jaribio ulikuwa katika kugawa macho. Magari yote yalirekodiwa, lakini ni kama nusu tu ya wenye magari waliopewa programu ya simu ya kuona gari liko wapi, limetembea kilomita ngapi, limefanya kazi saa ngapi na limeendeshwa vipi. Nusu hiyo ilichaguliwa kwa kura. Kura ina maana kubwa hapa. Ukilinganisha tu matajiri walionunua vifaa na ambao hawakununua, utakuta walionunua wana faida zaidi, kumbe ni kwa sababu walikuwa makini tangu zamani. Kura inachanganya wazembe na makini pande zote mbili, ili kinachobaki kutofautiana kiwe ni jicho lenyewe. Kwa miezi sita watafiti walifuatilia hesabu, mapato, matengenezo na saa za kazi.

Wengi wangetarajia tajiri aliyepata jicho apandishe hesabu. Ilikuwa kinyume. Waliopewa programu walishusha hesabu kidogo. Ukifikiri, inaeleweka. Zamani tajiri alitaka kiasi kikubwa kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kumfanya dereva ahangaike. Hesabu ilikuwa fimbo. Sasa anaona saa na kilomita, na kutokana na hizo anaweza kukisia mapato ya siku pasipo kuona noti hata moja. Anaweza kusema, nipunguzie njia za panya nami nitakupunguzia hesabu, na kesho akaangalia kama ahadi imetimizwa. Ahadi ya namna hiyo haikuwezekana hapo awali, kwa sababu hakuna aliyeweza kuithibitisha.

Na ikatimizwa. Madereva wa kundi lenye programu walifanya kazi muda mrefu zaidi kwa siku, wakaendesha kwa namna isiyoumiza magari, na gharama za gereji zikashuka sana. Siku za "leo kulikuwa kubaya" zisizo za kweli zikapungua. Faida ya wenye magari ilipanda kwa karibu asilimia 13, na baadhi wakaongeza gari jingine. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la American Economic Review.

Hilo la kuongeza gari lina uzito kuliko linavyosikika. Biashara nyingi za kwetu huanza na gari moja, cherehani moja, kioski kimoja, na hubaki hapo. Tumezoea kulaumu mtaji na riba za benki. Lakini muulize mwenye matatu kwa nini hanunui la pili hata akiwa na pesa. Mara nyingi atakwambia hana wa kumwamini. La kwanza analiendesha binamu. Binamu wa pili hana. Biashara inakua hadi pale macho ya mwenyewe yanapokoma, na ndugu wa kuaminika wanapokwisha, ukuaji nao umekwisha.

Madereva je? Walipoulizwa, walisema kifaa kiliboresha maelewano yao na matajiri, na wengi hawakukichukia kama nilivyodhani wangekichukia. Nadhani sababu iko kwenye ile siku mbaya. Dereva mkweli aliyekwama kwenye foleni ya Jogoo Road mchana kutwa zamani alikuwa na maneno yake tu, na maneno hayo yalifanana neno kwa neno na ya dereva mwongo. Sasa ana shahidi. Aliyepoteza ni mwongo, na hata yeye amepunguziwa hesabu.

Hata hivyo nisingeshangilia haraka. Muda wa kazi ulioongezeka ulizidi saa moja kwa siku, katika kazi ambayo tayari huanza kabla ya jogoo kuwika na kuisha watoto wakiwa wamelala. Katika jedwali la mwanauchumi hiyo inaitwa juhudi. Mke wa dereva anaweza kuipa jina jingine. Tena miezi sita ni muda wa uchumba. Tajiri aliyeshusha hesabu leo kwa hiari anaweza kuipandisha kesho, na safari hii anajua vizuri gari linaingiza ngapi.

Kisha kuna abiria, ambaye katika mkataba huu wote hayumo. Programu ilimwonyesha tajiri pia mwendo wa kasi na breki za ghafla, na watafiti walipima kama uendeshaji wa hatari ungepungua. Jicho la tajiri halikuuzuia. Lilipunguza mtikiso unaovunja springi, lakini kasi ya lami tupu haivunji springi. Mwenye gari alitumia alichokiona kulinda kilicho chake, jambo ambalo hatuwezi kumlaumu sana kwalo, na shingo ya abiria wa kiti cha nyuma si yake. Watafiti wakajaribu njia nyingine: wakawapa baadhi ya madereva pesa kidogo kila siku kwa kuendesha salama. Mwendo ukapungua. Pesa zilipokoma, nafuu hiyo haikudumu.

Kabla ya hapo serikali ilikuwa imejaribu kwa nguvu. Mapema mwaka 2004, chini ya waziri John Michuki, kila matatu ililazimika kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Kidhibiti mwendo kinafunguliwa na fundi kwa dakika chache na kurudishwa siku ya ukaguzi. Chombo cha kuzuia kasi kiliachwa mikononi mwa wale wale wanaofaidi kasi.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi, na hapa ndipo napenda utafiti kuliko maonyesho ya teknolojia, kilikuwa karatasi ya gundi. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichapisha stika zinazowahimiza abiria kupaza sauti dereva anapoendesha ovyo, wakazibandika ndani ya matatu zilizochaguliwa kwa kura. Ili makanga wasizibandue, kulikuwa na bahati nasibu ya kila wiki kwa magari ambayo stika zilikuwa bado zipo. Jaribio la kwanza lilianza 2008. Lilipopanuliwa hadi maelfu ya magari, na matokeo kuchapishwa mwaka 2015, madai ya bima ya ajali yalikuwa yamepungua kwa kati ya robo na theluthi. Hakuna setilaiti, hakuna chipu. Abiria alikuwa na macho siku zote. Anajua kabla ya kifaa chochote kwamba gari limepinda kona kwa magurudumu mawili. Kilichomfunga mdomo ni kuhofia kuwa yeye peke yake ndiye mwoga. Stika ilimhakikishia kwamba wenzake kumi na watatu nao wameshika viti kwa nguvu.

Ukiweka hayo matatu pamoja, kadi, kifaa na stika, unaona kwamba ugumu wa teknolojia hausemi chochote kuhusu matokeo. La kuulizwa ni nani amepewa kuona na nani ananufaika na anachokiona. Kadi iliwaonyesha wengine pesa za makanga bila kumpa makanga kitu. Kifaa kilimwonyesha tajiri kazi ya dereva na kikawaacha wazungumze upya. Stika ilimpa nguvu yule mwenye shingo.

Marekani walipitia njia hii miaka mingi mbele yetu, na kuna jambo huko linalonitia wasiwasi kidogo. Kati ya 1987 na 1992 malori mengi ya masafa marefu yalianza kufungwa kompyuta za kurekodi safari. George Baker na Thomas Hubbard, katika utafiti uliochapishwa 2004, walionyesha kwamba kompyuta hizo zilivyoenea, ndivyo madereva wanaomiliki malori yao wenyewe walivyopungua. Zamani njia bora ya kuhakikisha lori linatunzwa ilikuwa kumwacha dereva awe mwenye lori. Kampuni ilipopata jicho, haikumhitaji tena awe mwenye mali. Ilimhitaji aendeshe tu. Kisha mwishoni mwa 2017 sheria ikawalazimisha madereva wengi kutumia vifaa vya kielektroniki kurekodi saa zao, lengo likiwa wapumzike. Karen Levy, aliyeandika kitabu kuhusu madereva hao mwaka 2022, alieleza jinsi vifaa vya aina hiyo vilivyowapa mameneja uwezo wa kumfuatilia mtu dakika kwa dakika, hata kumuuliza kwa nini amesimama.

Kwetu, ndoto ya dereva wa matatu imekuwa ile ile tangu zamani: aendeshe la mtu miaka kadhaa, anunue lake. Ikiwa kifaa kinamwezesha tajiri wa gari moja kuwa na matano, nafasi za kazi za kuajiriwa zitaongezeka. Nafasi za kuwa tajiri zinaweza kupungua. Sako, ambazo tangu 2010 kila matatu hulazimika kujiunga nazo au na kampuni ya usafiri, zinaweza kuelekea upande wowote: zikawa vyama vya wenye gari mojamoja wanaotumia jicho kwa pamoja, au zikawa kampuni za wachache zilizovaa jina la ushirika.

Jambo moja linaweza kufanywa bila kusubiri utafiti mwingine. Leo dereva akiacha gari, rekodi ya jinsi alivyoendesha inabaki kwenye simu ya tajiri, na yeye anakwenda kuomba kazi akiwa na leseni na sifa za kusemewa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata data inayomhusu, na pia ya kutaka ihamishiwe kwingine. Tanzania nayo ilipitisha sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Dereva wa Kayole aliyeendesha miaka mitatu bila kuvunja springi anaweza kuiandikia kampuni ya vifaa, akadai rekodi zake, akaziweka mezani kwa tajiri mpya, na mazungumzo ya hesabu yakaanzia hapo.